Shukrani kwa Sylvesta

Watu bado huniuliza. Anakuja mtu kutoa kopi ya cheti, anasubiri mashine ipate moto, macho yanamtembea ukutani, halafu anasema, "Mama Yasmini, yule Mwalimu wa porini mbona siku hizi hatumsomi?" Namjibu kwamba amestaafu, magoti yamekataa, amerudi kwao Rungwe. Ni kweli, lakini ni ukweli wa kumwondoa mteja dukani. Mwaka huu wa 2015 malori yanapita hapa Kasulu yakipeleka Warundi wapya kambini Nyarugusu, na kila lori likipita natoka mlangoni kuangalia nyuso. Jirani yangu wa duka la vitenge ameshaanza kuniangalia kwa huruma. Basi bora niseme yote.

Mimi si mtu wa porini, na hilo lijulikane mapema. Nilizaliwa Ujiji, nikaolewa Kasulu, nikafiwa na mume, nikabaki na duka la steshenari na binti mmoja. Kichaka kikubwa nilichowahi kuingia ni mchicha wa mama mkwe. Lakini kila neno la safu yake ya gazeti iitwayo "Nje ya Mlango" lilipita kwenye vidole vyangu. Mwanzoni nilipiga kwa taipureta na kutuma bahasha kwa basi hadi stesheni ya Kigoma ipande treni ya Dar es Salaam. Baadaye ikaja kompyuta. Mwalimu Lusajo alikuwa anafundisha chuo cha ualimu, na mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyekunywa pombe ya ndizi. Hakuna mwingine mjini aliyeweza kuusoma.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya kutoka. Vipindi vikiisha anapanda gari la Kibondo, anashuka njiani kijijini kwa Sylvesta, na Jumapili jioni anarudi ananuka moshi. Jumatatu ananiletea makaratasi. Nimesoma mle habari za miyombo inavyotoa majani mekundu kabla ya mvua, mpaka mgeni anadhani msitu unaungua. Nimesoma uyoga wa Novemba, mabwawa ya Malagarasi, na ndege mmoja mrefu mwenye mdomo mpana kama kiatu, asimamaye saa nzima bila kupepesa. Nilidhani huyo ndege ametungwa, nikamwambia Mwalimu hivyo. Alikasirika siku mbili. Mwalimu alikuwa na kasoro nyingi, alikuwa mbishi na alikuwa mchoyo wa sukari, ila kusema uongo hakujua kabisa. Hata nikimuuliza kama gauni langu jipya limenikaa, alikuwa ananijibu.

Na katika makala zote hizo alikuwepo mtu aliyeitwa "mwenzangu". Mwenzangu alipanda mti. Mwenzangu alinivusha mto. Mwenzangu aliniambia nisimame, nikasimama, na nyati akapita. Wasomaji wa Mbeya na Tanga hawakujua mwenzangu ni nani. Sisi tulijua. Ni Sylvesta, mrina asali, mtu mwembamba mwenye makovu ya nyuki shingoni na kicheko kisicho na adabu. Hakujua kusoma. Gazeti likifika alikuwa anakuja dukani kwangu na kibuyu cha asali, anapiga makofi ya salamu taratibu kama wafanyavyo huku, anakaa kwenye ngazi, namsomea. Palipoandikwa "mwenzangu" anajipiga kifuani na kuwaambia wateja, "Ni mimi huyo! Ego, ndiyo, ni mimi!" Kisha anacheka mpaka anakohoa. Siku niliyosoma jinsi Mwalimu alivyokimbia nyuki akaacha suruali kwenye miiba, alicheka hadi mtoto wa jirani akaanza kulia.

Katikati ya mwaka 2013 Mwalimu aliniambia anaacha. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama papai, na la kushoto lilikuwa linafikiria. Mhariri wa Dar alikubali, akamwomba jambo moja tu: amalize kwa makala ya shukrani. Ukurasa mzima, na picha.

Alihangaika nayo karibu mwezi. Alikuwa anakuja dukani, anakaa, anachana karatasi. Nilimwambia, "Mwalimu, shukrani ni neno moja, sema asante tukafunge duka." Akaniangalia kama mwanafunzi aliyefeli.

"Kwetu," akasema, "mtu hashukuriwi nusunusu. Ukimshukuru mtu unamtaja. Yeye, mzazi wake na alikotoka. Miaka yote hii nimekula kwa mgongo wa huyu bwana, nikamwita mwenzangu tu, kama vile hana mama."

"Mwenyewe amelalamika?"

"Nimemuuliza. Unajua alivyojibu? Akaniambia, 'Mwalimu, basi kitaje na kilima changu.'"

Wenye asili ya ng'ambo ile, Burundi, ndivyo walivyo. Sisi tukiulizana kwenu wapi tunataja mji. Wao mtu ana kilima chake, na kilima hicho hakimtoki hata akihama akiwa mchanga. Sylvesta aliondoka chake akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka wa sabini na mbili, watu walipokuwa wanauawa kwao. Hakukumbuka jani wala jiwe la huko. Mama yake ndiye aliyemsimulia, na mama huyo amelala kwenye udongo wa Kibondo tangu zamani. Sylvesta alikulia hapa, alioa hapa, alichangia madawati ya shule hapa na alipanga foleni ya kura hapa. Kijijini kila mtu alijua alikotoka, na hakuna aliyejali. Lilikuwa jambo la kutaniana kwenye pombe, basi.

Nilipopiga makala ile vidole vilisita mahali pamoja. Nitawaandikia hapa, maana naikumbuka:

"Nimetembea sana, lakini sikutembea peke yangu hata siku moja. Mwenzangu mliyemsoma miaka yote anaitwa Sylvesta, mwana wa Mariya Ndabaneze, wa kilima cha Rusagara, ng'ambo ya mpaka. Mama huyo alivuka mto na mtoto mgongoni na hakuwa na kitu kingine. Kila nilichowaandikia nilikiona kwa macho ya mtoto yule. Kama mliwahi kufurahi kwa sababu yangu, asante yenu si yangu. Ni yake, na ya mama aliyembeba."

Nililia. Sioni haya kusema, nililia mpaka nikakosea herufi. Lakini nilipomaliza nikamuuliza, "Mwalimu, hili la ng'ambo ya mpaka lina lazima?" Akasema, "Ndiyo ukweli, Mama Yasmini." Wakati ule hakuna aliyekuwa akiwatafuta watu kwa vilima vyao. Nikaituma.

Sylvesta aliposomewa hakucheka. Aliniomba nirudie pale penye jina la mama yake, nikarudia, akaniomba tena. Halafu akainuka bila kuaga. Jioni niliambiwa amenunua magazeti yote yaliyokuwa stendi, yeye asiyejua a wala b, akawagawia watu njia nzima hadi kwake.

Kabla mwezi haujaisha, redio ilitangaza operesheni. Wahamiaji wasio na kibali waondoke wenyewe, na watakaobaki watasakwa. Mkoa wetu umo. Wiki zilizofuata niliona watu wakipita na magodoro kichwani, wengine niliowafahamu kwa miaka, mmoja fundi wangu wa viatu. Nilimwambia Mwalimu amwonye Sylvesta ajifiche. Mwalimu akasema kijiji kitamlinda, watu wamekua naye. Kikulacho ki nguoni mwako. Sylvesta alikuwa na jirani, Pasikali, aliyekuwa akigombea naye mpaka wa shamba tangu ndama wa mmoja ale mahindi ya mwingine. Pasikali alipewa gazeti na Sylvesta kwa mkono wake mwenyewe. Akalikunja vizuri, akalipeleka kwa wahusika.

Esteri, mkewe Sylvesta, ndiye aliyetupigia simu. Mumewe amechukuliwa, yuko Kibondo. Mwalimu alikuja dukani akiwa amevaa koti la kwenda kanisani na magoti yamefungwa bandeji, akaniambia maneno mawili tu, "Nisindikize, dada." Alikuwa hajawahi kuniita dada. Nikafunga duka.

Walikowekwa watu kulikuwa na ukumbi wenye mabenchi, na nje lori lilikuwa linasubiri kwenda mpakani Mabamba. Wanawake walikaa chini na mafurushi. Vumbi la Septemba liliingia mpaka kwenye meno. Ofisa aliyekuwa mezani alikuwa mtu wa makamo, si mwenyeji wa huku, na Mwalimu alipojitaja alisimama wima.

"Wewe ndiye wa Nje ya Mlango?" akauliza. "Mzee wangu, shikamoo. Nimekusoma tangu nikiwa shule Iringa. Baba yangu alikuwa anatusomea mezani."

Mwalimu aliitikia marahaba kwa sauti ndogo. Ofisa akatupa viti, akafungua droo, akatoa gazeti lililokunjwa. Aliliweka mezani kama mtu anayeweka kitu kichafu.

"Sasa nisikilizeni," akasema, na akashusha sauti. "Huyu bwana kijiji kizima kimesema ni wa hapa. Mwenyekiti amesema. Hata paroko amesema. Ushahidi wa kinyume ni huu peke yake, na umeandikwa na wewe. Lakini waandishi mnatunga, si ndiyo? Mnaongeza chumvi habari inoge. Ukinithibitishia mbele ya wenzangu hapa kwamba sehemu hii umetunga, mimi nitamwachia aende akalime. Sina haja naye."

Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Nilifikiri yameisha. Kisha nikamtazama Mwalimu, nikaona jasho limemtoka kwenye paji la uso, na nikaelewa anaombwa nini. Mtu aliyenikasirikia siku mbili kwa sababu ya ndege.

Ofisa akawaita wenzake wawili. Sylvesta akaletwa kutoka chumba cha nyuma, miguu peku, amekonda zaidi. Alipomwona Mwalimu alitabasamu na kupiga yale makofi yake ya salamu, kama tuko dukani kwangu.

"Mwalimu Lusajo," ofisa akasema kwa sauti ya kusikika, "habari hii ya huyu bwana kuzaliwa Burundi, ni ya kweli au umetunga?"

"Nilitunga."

"Kilima?"

"Nilitunga."

"Mama kuvuka mto na mtoto?"

Mwalimu aliliangalia gazeti pale mezani. "Nayo nilitunga. Ilikuwa makala ya mwisho, nikataka watu walie."

Mmoja wa wale wenzake, mwenye redio ya mkononi, akacheka. "Kumbe hata yule nyati ulimtunga, mzee?"

"Hata nyati," Mwalimu akasema. "Mimi ni mwongo. Nimekuwa nikiwadanganya watu miaka yote. Andikeni hivyo."

Watu kwenye mabenchi walicheka, si kwa ubaya, walikuwa tu wamepata cha kuwachekesha siku ile mbaya. Mimi sikucheka. Nilimpenda yule mzee kwa wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye wa damu yangu. Amechukua maisha yake yote ameyatupa chini kwa sentensi moja.

Ofisa akavuta pumzi. "Vizuri. Bwana Sylvesta, umesikia. Nina swali moja tu la kumalizia, ujibu ukaondoke. Wewe ni mtu wa wapi?"

Kibondo. Neno moja. Nilitamani nimwekee mdomoni.

Sylvesta hakumwangalia ofisa. Alikuwa anamwangalia Mwalimu, na lile tabasamu lilikuwa limekwisha usoni. Akauliza polepole, "Mwalimu, umesema ulitunga mama yangu?"

"Sylvesta, jibu swali," Mwalimu akasema. "Nakuomba, ndugu yangu. Jibu swali."

"Oya, hapana. Subiri kwanza." Akawageukia wale waliokuwa wamecheka. "Huyu mzee si mwongo. Mimi nimetembea naye. Nyati alikuwepo, alipita hapa, kama pale mlangoni, na mimi nilijikojolea, hilo hakuliandika kwa kunionea huruma. Msimcheke."

"Bwana Sylvesta," ofisa akasema, karibu anamsihi, "mimi nimekuuliza wewe."

"Nakujibu, Afande. Mimi sina cheti. Sina picha. Mama yangu alikufa hakuwekewa hata msalaba wenye jina, tulikuwa hatuna wa kutuandikia. Kitu chetu kilichoandikwa duniani ni hicho tu hapo mezani. Nimesomewa, nimekikariri. Sasa nikisema ni uongo, niambie, nani alinibeba?"

Nje nilisikia dereva wa lori akigongagonga tairi.

"Mimi ni Sylvesta wa Mariya Ndabaneze," akasema, "wa kilima cha Rusagara. Kama alivyoandika."

Ofisa aliinamisha kichwa. Sidhani alikuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sina wa kumchukia ila Pasikali, na Pasikali ni mtu mdogo mno kwa chuki kubwa kiasi hiki. Wenzake walikuwa wamesimama pale, wamesikia kila kitu. Akaandika alichopaswa kuandika.

Mwalimu alijaribu kuinuka, goti likamkatalia, akarudi kitini. Sylvesta ndiye aliyeinama akamshika mikono yote miwili. "Mwalimu, usilie mbele ya watu," akamwambia. "Umenishukuru. Nami ningefanyaje?" Kisha akaongozwa nje.

Esteri alikuwa kando ya lori tayari, amesimama chini, ameshika mbao za ubavuni. Yeye ni Muha wa hapa hapa, watoto wake wanne wa hapa hapa, hakuna aliyewataka waondoke na hakuna aliyewataja. Lori lilipoanza kusogea alitembea nalo hadi likamshinda mwendo. Aliporudi alipita mbele yetu na kusimama.

"Tulikuwa tumetulia," akamwambia Mwalimu. Hakupiga kelele. "Tulikuwa watu tusiojulikana na tulikuwa tumetulia. Ni nani alikuomba asante?"

Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na niliwahi kudhani usemi ule ni wa kumfundisha mtendaji asingoje malipo. Siku ile niliona unamhusu na mshukuruji pia. Kuna watu ukiwapenda uwaache gizani.

Hatujapata habari za uhakika za Sylvesta tangu siku ile. Esteri alituma salamu kwa watu wa mpakani mara mbili, hazikurudi na jibu. Mmoja alisema alionekana akifyatua tofali huko, mwingine akasema aliumwa. Shamba amebaki nalo Esteri, ila mpaka ule Pasikali ameusogeza hatua kadhaa kuelekea kwake, na mizinga iliyokuwa msituni hakuna aliyejua ilipotundikwa yote. Mwaka huu, Warundi walipoanza kumiminika tena, nimeenda Nyarugusu kupeleka daftari na kalamu za kuuza, nikauliza kambi nzima kama kuna mtu wa kilima cha Rusagara. Hakuwepo hata mmoja.

Lakini jambo ninalotaka kulisema ni la wiki ile ile tuliyorudi kutoka Kibondo. Mwalimu alikuwa anafunga mizigo ya kwao. Alikuja dukani mchana kuniaga, akakaa kwenye ngazi, pale alipozoea kukaa mwenzake. Alikuwa amezeeka kwa siku zile chache kuliko kwa miaka yote niliyomfahamu. Nikampa chai, nikamwekea sukari nyingi, hakuigusa.

Simu yangu ikalia. Mhariri alikuwa amechapa namba ya duka chini ya makala ya mwisho, wasomaji wapate kumuaga mwandishi wao, na tangu tulipotoka Kibondo nilikuwa sijathubutu kufungua ujumbe. Mwalimu akauliza, "Ni wao?" Nikasema ni wao. Akasema, "Nisomee."

Nikamsomea. Nesi wa Tabora: asante kwa kila kitu, mpe Sylvesta salamu zangu. Mzee wa Songea: mwambie Sylvesta mama yake alikuwa shujaa. Darasa zima la shule moja Singida: tunampenda Sylvesta. Walikuwa wengi, na karibu wote hawakumtaja Mwalimu ila kwa heshima ya kupita. Walifanya kama alivyowaomba. Asante waliipeleka kwa mwenyewe.

Nilipomaliza aliweka mikono juu ya magoti yale mabovu.

"Wajibu," akasema.

"Niwajibu nini, Mwalimu?"

Alitazama barabara ya Kibondo, hakuna kilichokuwa kinapita ila vumbi.

"Waambie zimefika."

Nikakaa kwenye kiti changu cha kuchapia, nikawajibu mmoja mmoja, zimefika.